Sufuria ya Mama Jirani



Juma lililopita mmoja wenu alitusimamisha sokoni akatuuliza: ninyi wa kikundi cha sindano, kila Jumamosi mnapita hapa na vikapu vya uzi mkicheka, na jioni mnarudi kimya kama watu waliotoka matangani. Mnafanya nini huko Mudzipela? Tulimwambia tutamjibu katika gazeti. Lakini kwanza tutembee, maana jibu liko njiani.

Tunatoka Nyakasanza saa nane, vyombo vikiwa vimeoshwa na watoto wadogo wamelala. Tungeweza kupanda moto, na kila motari anayepita anatuita, lakini watu watano kwa moto tatu ni franka nyingi kuliko uzi tunaokwenda kununua. Basi tunatembea. Wakati huu wa jua kali vumbi la Bunia ni jekundu na linaingia mpaka ndani ya kikapu kilichofunikwa. Anayefuma kitambaa cheupe mwezi wa kwanza anajitafutia kazi ya kufua. Tunafika Bulvari, ile ya Libération, na hapo tunasimama kwa kijana mwenye meza ya kuchaji telefone. Jenereta inapiga kelele, waya zimelala mezani kama sombe iliyochemshwa, na kila simu imebandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Tunalipa, tunachukua simu zetu za moto-moto, tunaingia soko kuu.

Muuza uzi wetu anakaa nyuma ya wauza vitenge. Uzi wake unatoka Uganda, ama kwa njia ya Mahagi, ama kwa kuvuka ziwa Albert na kupanda kutoka Kasenyi. Kwa hiyo sisi wafumaji tunajua hali ya barabara kabla ya redio. Rangi nyekundu ikikosekana wiki tatu, kuna jambo. Nyumbani kwa sekretere wetu kuna kitambaa cha kochi ambacho nusu yake ni bluu na nusu ni manjano, kwa sababu bluu iliishia njiani. Wageni wanakisifu wakidhani ni mtindo mpya. Tumewaacha waamini hivyo, na wawili wameagiza cha namna hiyo hiyo.

Sasa hadithi. Zilianza kwa sababu mikono ya mfumaji ina kazi lakini masikio yake hayana. Mwanzoni tuliongea tu habari za watu, na ninyi mnajua habari za watu zinavyomalizika: mmoja hajafika Jumamosi inayofuata. Prezida wetu akasema, kama lazima tuseme watu, tuseme watu ambao hawapo duniani. Sisi wawili tunaofundisha shule ya msingi tukaleta vitabu vya kusoma, vikaisha haraka. Ndipo mama mmoja, ambaye hatutamtaja, akatoa telefone yake akasema: nimeandika kitu nikingoja zamu ya bomba. Akasoma. Kilikuwa kifupi, kilimhusu mbuzi na mkwe, na tulicheka mpaka mmoja akajichoma sindano.

Toka siku hiyo karibu kila mmoja ameandika. Tunaandika popote mtu anaposubiri: bombani, kwenye mashine ya kusaga, nje ya kliniki siku ya kupima watoto. Wengine wanaandika kwenye kaye kwa biki, lakini wengi kwenye simu, ingawa simu zetu zimezoea Kifaransa na zinatusahihisha bila kuombwa. Ukiandika kwamba mama alipika sombe, simu inabadilisha inaandika kwamba alipika «sombre», yaani alipika giza. Tumeacha mara moja liende hivyo. Katika hadithi ile lilifaa.

Urefu tunaupima kwa krosheti. Hadithi inapaswa kwisha kabla ya mistari kumi ya kitambaa cha meza. Zaidi ya hapo mikono inachoka na chai inapoa. Tunawaambia hilo wale wanaodhani kuandika ni kazi ya watu wa chuo kikuu. Sisi tuliotoka ISP ya hapa Bunia tulifundishwa muhtasari, imla na jinsi ya kutayarisha somo. Hakuna aliyetufundisha namna ya kumfanya mtu asahau sindano yake. Hilo tumejifunza kwa mama anayeuza makayabu, ambaye aliishia darasa la tano.

Baada ya miezi michache tulifungua grupu la WhatsApp, ili wasioweza kufika Jumamosi wasome. Na hapo likaja swali la jina.

Mama mmoja kati yetu alisema: nitaweka hadithi zangu, lakini si kwa jina langu. Alinunua kadi nyingine ya simu, akaweka picha ya sufuria nyeusi mahali pa sura, akajiita Mama Jirani. Baadhi yetu hatukupenda. Tulisema, mtu mwema anaficha nini? Watoto wetu wa shule ndio wanaojificha: mvulana wa darasa la sita ana picha ya mchezaji wa mpira na jina la mwimbaji, na msichana wa miaka kumi na minne anajiandika kuwa anakaa Paris, wakati tunajua anakaa Lembabo na ameshindwa kuja shule kwa sababu ya karo. Tunawakemea kila siku. Tutamkubalia vipi mtu mzima?

Alitujibu kwa swali moja. Mkiona jina langu la ukoo, alisema, mnasoma nini kwanza, hadithi au kabila?

Tulinyamaza, kwa sababu sisi sote ni watu wa Ituri. Hapa kwetu jina linatangulia mtu mlangoni. Kabla hujaketi wamekwisha kujua, au wanadhani wamejua, babu yako alitoka upande gani wa mlima, na maneno yako yote yanapimwa kwenye mizani hiyo. Na mizani yenyewe inadanganya: Wahema wa kaskazini wanasema Kilendu tangu mababu, na kuna majina yanayoitwa pande zote mbili. Lakini watu wanakisia tu. Sisi tuliokuwa wasichana wa shule mwaka 2003, Bunia ilipogeuka uwanja wa vita, tunakumbuka kwamba kukisia jina la mtu kulitosha. Hatutaandika zaidi ya hapo. Kila nyumba inayopokea gazeti hili ina habari yake.

Mmoja wa wazee wetu, mama aliyezaliwa kabla ya Uhuru, alikuwa ametega sikio huku akifuma. Akasema: ninyi watoto mnaongea kama kwamba kubadili jina kumeletwa na simu. Akatukumbusha mwanzo wa 1972. Nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire tangu mwaka uliotangulia, na mkuu wa nchi, Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Halafu amri ikashuka mpaka kwa mama wa kijijini: majina ya kigeni yaachwe. Yeye alilala akiwa na jina la ubatizo, akaamka akiwa na jina la nyanya yake aliyekuwa hakumjua. Shuleni mwalimu alisoma orodha na nusu ya darasa ikakaa bila kuitika, maana hakuna aliyezoea jina lake jipya. Nyumbani mama yake aliendelea kumwita kwa jina la kanisani, lakini kwa sauti ya chini. Miaka mingi baadaye, Mobutu alipofungua njia ya vyama vingi mwaka 1990, majina ya ubatizo yakarudi hadharani, na mpaka leo sisi Wakongomani tuna jina, jina la pili na jina la mbele, na mtu mmoja anaweza kuitikia yote matatu mahali mbalimbali. Mimi, alisema mzee wetu, nimekuwa watu watatu na wote wamezaa watoto wale wale.

Sisi walimu tukaongeza la kwetu, maana mwalimu hawezi kunyamaza. Huko Uingereza mwaka 1846 dada watatu, Charlotte, Emily na Anne Brontë, watoto wa mchungaji, walichapisha mashairi kwa majina ya bandia, Currer, Ellis na Acton Bell, wakiogopa kwamba kazi ya mwanamke ingehukumiwa kwa uanamke wake. Kitabu chao kiliuza nakala mbili. Mbili! Grupu letu lilikuwa na wasomaji thelathini na mmoja. Mwaka uliofuata Charlotte, aliyekuwa amewahi kufundisha shule kama sisi, alitoa riwaya ya Jane Eyre kwa jina lile lile la Currer Bell, na inasomwa mpaka leo. Basi Mama Jirani akakubaliwa. Tulipiga kura, wawili walikataa, na mmoja wa hao wawili ni miongoni mwetu tunaoandika makala hii.

Hadithi yake ya tatu ndiyo iliyotufanya turudi kimya.

Ni habari ya mwanamke anayekimbia kijiji na kuacha sufuria motoni. Miaka inapita. Anarudi, nyumba haipo, lakini kwa jirani mpya anaiona sufuria ile ile. Anaijua kwa mshikio uliokunjwa na mume wake. Ndani yake kuna maharage ya mwanamke mwingine, ambaye naye alikimbia kutoka kwingine. Wanakaa pande mbili za moto. Hakuna anayesema «ni yangu». Wanangoja maharage yaive, na hadithi inaishia hapo, kabla ya kula. Kabila halikutajwa, wala jina la kijiji. Tulipoisoma Mudzipela kila mtu aliacha sindano. Mmoja aliuliza: yule wa kwetu ni nani, aliyekimbia au aliyeokota sufuria? Hakuna aliyemjibu. Mama Jirani mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo anahesabu mishono yake, na wengi hawakujua kwamba ni yeye.

Kasoro ilikuwa moja, na sisi walimu tungeiona kama tungesoma kwa jicho la shule. Mabibi zetu walipotuambia hadithi, kulikuwa na mlango. Hadithi, hadithi! Nanyi mnajibu: hadithi njoo! Au: hapo zamani za kale. Ukivuka mlango huo unajua umeingia wapi, na fisi akisema hushtuki. Mama Jirani hakuweka mlango. Alianza hivi: leo asubuhi tumeacha sufuria motoni, tumekimbia na nguo za mwilini. Ndiyo maana ilituingia moyoni. Ndiyo maana pia ikatushinda kuishika.

Jumatano iliyofuata mtu, hatujui nani, alichukua sehemu ya kwanza tu, ile ya kukimbia. Alikata sufuria ya pili, alikata maharage, alikata jina Mama Jirani. Juu akaandika kwa Kifaransa kwamba ni habari ya haraka, isambazwe. Mpaka saa sita mchana ilikuwa imezunguka kartie zote na kurudi kwetu ikiwa na jina la mahali halisi, mahali penye watu, kwenye barabara ya kweli. Mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Hakuna mtu hapa anayehitaji kusukumwa mara mbili ili aamini habari ya namna ile. Tukiwa darasani tuliona wazazi wanakuja kuchukua watoto kabla ya kengele. Maduka mawili ya karibu yalifunga milango nusu.

Na mama mmoja wa chama chetu, mnaomjua mtamjua, mwanawe ni motari na asubuhi ile alikuwa amebeba abiria kuelekea barabara hiyo hiyo. Alimpigia kutoka saa sita mpaka saa kumi na moja. Simu haikupatikana. Alikaa chini uani kwake na nyama ikaungua jikoni, kwa kweli, si katika hadithi. Saa kumi na moja na nusu kijana akafika anauliza chakula. Betri yake ilikuwa imekufa tangu asubuhi.

Tulikutana jioni ile ile, bila uzi. Tuliandika kwenye magrupu kwamba maneno yale ni hadithi tu. Tukajibiwa: ninyi ni nani? Nani aliyeiandika? Mwacheni aseme mwenyewe. Hapo tukaona pande mbili za jina. Mtu asiye na jina anaweza kusimulia, na watu wakamsikiliza vizuri zaidi, kwa sababu hawana pa kumtundika. Lakini mtu asiye na jina hawezi kushuhudia. Sufuria nyeusi haiwezi kuwaambia watu wafungue maduka.

Mama Jirani alisema atajitaja. Alikuwa ameshika simu tayari. Wengine walisema ndiyo, aliyeacha moto auzime. Wengine walisema: akijitaja usiku huu, kesho watasema kabila fulani limezusha habari ili kutisha kabila lingine, na hapo hadithi ya maharage itakuwa imezaa kitu ambacho hatutaweza kukirudisha. Tulibishana mpaka mshumaa ukaisha. Mwalimu mmoja alikumbusha kwamba kuna sheria ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023 inayoadhibu kuchukua utambulisho wa mtu mwingine, na tukabishana tena kama kujiita jina ambalo si la mtu yeyote ni sawa na kuiba jina la mtu. Kwa maoni yetu si sawa. Anayejiita Mama Jirani hakumnyang'anya mtu kitu. Anayeweka picha ya binti wa mwenzako kwenye ukurasa wake ili aombe watu franka, huyo ni mwizi. Lakini usiku ule tofauti hiyo haikutusaidia.

Aliyetutoa ni prezida. Alichukua telefone, akabonyeza sauti, akasema kwa jina lake lote, jina, jina la pili na la mbele, na jina la mahali anapouzia unga, kwamba maneno yale yalisomwa mbele yake katika chama siku ya Jumamosi, kwamba ni hadithi, na kwamba ina mwisho, na mwisho wake ni huu. Halafu akaisimulia yote, na sufuria, na moto, na maharage, dakika tisa. Sauti yake inajulikana. Nusu ya Bunia imewahi kununua unga kwake na kubishana naye juu ya kipimo. Usiku huo sauti ile ilizunguka karibu kama uongo ulivyozunguka, si kwa kasi ile, tusijidanganye. Asubuhi watoto karibu wote walikuja shule. Siku ya tatu bado kulikuwa na mtu anayepeleka kile kipande cha kwanza.

Mama Jirani hakuandika chochote. Asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka kwa mama wa yule motari, akakaa uani naye tangu saa mbili mpaka karibu saa nne. Waliyosema hatuyajui. Tunajua tu kwamba alikwenda na sahani ya nyama, na kwamba yule mama alikuja Jumamosi iliyofuata, mara ya kwanza, akaomba kufundishwa kuanza kitambaa.

Sasa tuna desturi zetu. Kila hadithi inayotoka inaanza kwa kiitikio cha mabibi, hata kama habari yake ni ya simu na moto na mambo ya jana. Na chini tunaandika kwamba imekwisha. Wanaoandika vizuri wananung'unika kwamba mlango huo unapunguza nguvu. Ni kweli, unapunguza kidogo. Tumepoteza ile baridi ya ghafla ya «leo asubuhi», na sisi tunaopenda hadithi tunaisikitikia. Hadithi ndefu tunazisoma kwa sauti badala ya kuziandika, kwa kuwa sauti ni ngumu kidogo kukatwa kuliko maandishi. Na kila jina la bandia linajulikana kwa watu wawili: sekretere na prezida. Mwenye jina akitaka kujulikana, ni shauri lake. Asipotaka, kuna mtu mwenye jina wa kusimama mbele yake siku ikiharibika.

Shuleni pia tumebadilika kidogo. Yule binti wa Paris hatukumkemea tena. Tulimpa kaye tukamwambia aandike hiyo Paris yake, mitaa na mvua na watu, kwa jina analotaka, mradi juu iandikwe kwamba ni hadithi. Ameleta kurasa sita. Katika Paris yake watu wanapanga mstari kwenye bomba.

Kwa hiyo, mama uliyetuuliza sokoni: ndivyo tunavyofanya. Jumamosi hii tunaanza kitambaa kipya cha meza cha ofisi ya chama, rangi nyeupe na kijani, nyekundu haijafika. Leteni sindano namba tatu. Asiye na sindano aje hivyo hivyo, kuna mbili za ziada. Mwenye hadithi aiweke kwa sekretere kabla ya Ijumaa jioni, na kama haitaki jina, aikunje mara mbili aitie kwenye kikapu cha uzi kilicho karibu na mlango. Juzi tumekuta moja humo. Imeandikwa kwa biki ya kijani, mwandiko hatuujui, na ni habari ya motari aliyezimikiwa na simu.